Kabati Lisilo na Chuma

Wiki iliyopita fundi alikuja kunifungia makabati ya jikoni, kijana mstaarabu mwenye simu mbili na mashine inayolia kama nyigu. Kila kitu alikuja nacho kwenye maboksi: milango imeshakatwa, droo zimeshaungwa, bawaba zimefungwa moja moja kwenye vifuko vya nailoni. Alipochana boksi la kwanza, harufu ikanijia usoni, ile harufu ya chuma kipya kilichopakwa mafuta na kuviringishwa kwenye karatasi. Nikakaa chini. Kijana akaniuliza, "Mama, vipi, presha?" Nikamwambia hapana, wewe endelea na kazi yako. Ningemwelezaje mtoto wa watu kwamba harufu ya bawaba imenirudisha Mbinga, nina miaka kumi, na nakaribia kumharibia baba yangu maisha kwa nia njema kabisa?

Baba yangu alikuwa fundi seremala. Na si fundi wa kugongagonga, alikuwa fundi wa misheni. Alijifunza kwa mabruda, wale watawa, enzi za ujana wake, na mabruda hao walikuwa na desturi yao: kijana akimaliza mafunzo hapewi karatasi kwanza. Anapewa mbao, anaambiwa atengeneze kabati la karakana, la kuwekea zana zake mwenyewe, na ndani yake kusiwe na hata kitu kimoja cha kununua. Hakuna msumari, hakuna skrubu. Bawaba za mti, vishikio vya mti, komeo la mti. Droo ziungwe kwa meno ya mbao yanayoumana, na zitembee juu ya papi, vibao vyembamba vya mti vilivyosuguliwa kwa masalio ya mishumaa ya kanisani. Halafu bruda anakuja, anavuta droo kwa kidole kimoja. Ikikwama, kijana anarudi kwenye mbao zake, tena anaanza mwanzo. La Baba halikukwama. Alilitunza miaka mingi kuliko wengine wanavyotunza cheti cha ndoa, mpaka mchwa walipolimaliza kwenye nyumba ya zamani, na tulipohamia pembezoni mwa mji zana zake zikawa zinalala kwenye magunia.

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka miaka ile. Tulikuwa tumetoka juzi tu kwenye foleni za sabuni, mche mmoja wanagawana kaya tatu, halafu ghafla biashara ikawa ruksa. Maduka yakajaa. Sabuni za rangi, betri, masufuria yanayong'aa, mitumba ya kila saizi isipokuwa yako. Wateja wa Baba nao wakabadilika. Mtu anakuja kuagiza kabati, mkononi ameshika bawaba mpya za dukani, anasema, "Fundi, usihangaike kuchonga, wewe gongelea hizi." Baba alikuwa anazipokea na kuzigeuzageuza kama mtu aliyepewa samaki aliyelala. "Cha dukani hakina ubaya," alikuwa anasema, "ila kikikataa, huna pa kukiuliza. Ulichochonga mwenyewe mnaelewana." Nilimpenda sana Baba aliposema hivyo. Nilikuwa naenda shuleni kuyarudia maneno yake mbele ya wenzangu, kichwa juu, utadhani mimi ndiye niliyechonga.

Mwaka huo ikasikika kwamba mapadre wanajenga shule ya ufundi na wanatafuta mwalimu wa useremala. Majina yaliyotajwa yalikuwa mawili tu, la Baba na la fundi mwingine wa mjini. Baada ya Pasaka angekuja Bruda mmoja mzee kutazama karakana zao. Na Bruda huyo alikuwa na kipimo chake, watu wote walikijua: hatazami vitu vya wateja, maana vya wateja kila fundi huvipamba. Anatazama kabati la fundi mwenyewe, la ndani ya karakana, ambalo hakuna mtu wa kulilipia. Hilo ndilo husema ukweli.

Nyumbani kwetu hatukuzungumza jambo jingine. Kahawa ilikuwa imeshakuwa kitendawili, kila msimu wanunuzi wapya na maneno mapya, na wateja wa Baba walikuwa wanapungua bila mtu kusema kwa nini. Mama alikuwa anasema, "Mwalimu hata mvua ikigoma, anakula." Kila jioni ya Kwaresma tulisali rozari, na mwisho wake Mama aliongeza Salamu Maria moja kwa ajili ya kabati. Sitanii. Kwa ajili ya kabati.

Basi Baba akaenda Songea kwa siku mbili. Mimi nilijua amefuata mbao. Alirudi na mbao, ndiyo, mninga safi mwekundu, lakini kwapani alikuwa na boksi. Alilifungua juu ya meza ya karakana na ndipo harufu ile ikatoka. Ndani kulikuwa na bawaba za chuma, vishikio vya kung'aa, makufuli madogo, na vyuma vyembamba virefu vya kutelezeshea droo, ambavyo sikuwahi kuviona maishani.

"Vya nani hivi, Baba?"

"Vya kwetu. Vya kabati la karakana."

"La kwetu? Lile atakaloliona Bruda?"

"Siku hizi ndivyo wanavyofanya," akasema, na hakunitazama. "Lete maji ya kunywa, Gau."

Nilileta maji huku roho inaniuma. Na hapa lazima niwaambie kilichokuwa kichwani mwangu. Mwaka huo nilikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara, na katekista wetu alikuwa ametukaririsha mizizi ya dhambi, yote saba, kuanzia majivuno hadi uvivu. Majivuno nilimjua mwenyewe. Ulafi nilimjua, ni jirani yetu. Lakini uvivu nilikuwa sijampata, mpaka siku ile. Nikaanza kukusanya ushahidi kama hakimu. Kwa nini Baba aliacha kusoma somo kanisani, eti sauti imekauka, wakati nyumbani anaita ng'ombe mpaka bonde linaitika? Kwa nini kazi ndogondogo, zile za patasi nyembamba, kila siku ni kesho? Kwa nini barua ya shangazi ilikaa mfukoni wiki nzima, halafu akanipa mimi niisome, eti nijizoeze? Mvivu! Baba yangu ameingiwa na uvivu, na huo uvivu umekuja pamoja na ruksa, ndani ya maboksi. Bruda atavuta droo, ataona vyuma, na nafasi itakwenda kwa yule mwingine. Nililia chini ya blanketi, kisha nikaamua kumwokoa.

Kuokoa kwenyewe kulihitaji mahali pa kuficha boksi, na mimi nikapata mahali ambapo mtoto wa Mbinga tu ndiye angepafikiria. Shamba letu la maharage lilikuwa kwenye mteremko, na sisi huko tunalima ngolo. Mwanamume anafyeka majani na kuyalaza kwa mistari, mistari ikatane, shamba zima ligawanyike miraba. Kisha wanawake wanakuja, wanamwaga mbegu, wanachimba katikati ya kila mraba na kurushia udongo juu ya majani. Majani yanazikwa, panabaki tuta la mraba lenye shimo katikati. Ukisimama ng'ambo ya bonde, mlima mzima ni kama sega la nyuki. Baba alikuwa amekwisha kulaza majani, na kina mama wangekuja kuchimba Jumamosi. Ijumaa nikalifunga boksi ndani ya mfuko wa rambo, nikalitia chini ya majani, nikahesabu vizuri: mstari wa tano kutoka juu, mraba wa saba kutoka njiani. Nikajipongeza. Pasaka ikipita nitalifukua na kumrudishia, naye atanishukuru.

Jumamosi kina mama wakaja na majembe na nyimbo. Kwa sababu ya Kwaresma Mama aliwapikia togwa badala ya pombe, wakanung'unika kidogo wakanywa. Hadi alasiri shamba lilikuwa limekwisha.

Jumatatu Baba akatafuta boksi. Alitafuta chini ya meza, kwenye magunia, juu ya dari. Hakugombeza mtu. Aliketi juu ya gogo, mikono magotini, akasema polepole, "Basi, limeibwa." Nilisimama mlangoni, nikasema kwa furaha yote niliyokuwa nayo, "Si kitu, Baba! Sasa utachonga mwenyewe!" Akaniangalia muda mrefu. Mpaka leo nikiyakumbuka macho yale natamani ardhi inimeze.

Akaanza kuchonga. Siku ya kwanza alitoa vishikio, vya kukata kwa mazoea, vikatoka vizuri. Siku ya pili akashika droo. Nikirudi shule nakuta ubao mmoja umetupwa pembeni, meno yamekatwa ovyo, hayaumani hata kidogo. Siku ya tatu, wa pili. Mninga ule haukuwa wa kuchezea, alikuwa ameununua kwa hesabu. Siku ya nne niliporudi aliniita.

"Gau, njoo hapa. Nimechora mstari kwenye ubao huu. Hebu weka kidole juu yake."

Nikacheka. Nilidhani ananipima. "Si huu hapa, Baba."

"Weka kidole, nimesema."

Nikaweka. Akaleta mkono wake taratibu, ukapapasa mpaka ukagusa kidole changu. Mstari alikuwa ameuchora mwenyewe, saa hiyo hiyo. Penseli ilikuwa bado sikioni.

"Huuoni?" nikauliza.

Nje kuku walikuwa wanaparura maranda. "Naona ukungu," akasema. "Kitu kikiwa karibu, ni ukungu mtupu. Baba yangu naye alianza na ukungu. Wewe hukumkuta. Alikufa haoni hata jua, na mimi ndiye niliyekuwa namshikia ncha ya mkongojo kumpeleka misa. Sasa zamu imefika kwangu." Aliyasema kama anayesema mvua itanyesha. "Mama yako asijue. Mtu yeyote asijue mpaka Bruda apite. Nikipata ualimu nitafundisha kwa mdomo, vijana watachonga wenyewe. Nilitaka tu nilivuke hili kabati. Vile vya dukani vinakuja na matundu yake, Gau. Unapapasa tundu, unatia skrubu, basi. Hata kipofu anaweza."

Nilitoka mbio bila kuaga mpaka shambani. Mstari wa tano kutoka juu, mraba wa saba kutoka njiani. Nikahesabu, nikachimba kwa mikono. Hakuna. Nikahesabu tena, nikachimba mwingine. Kumbe Jumamosi asubuhi, kabla ya kina mama kufika, Baba alikuwa ameongeza mistari kule juu na kando ya njia, na mimi hesabu yangu ilikuwa ya Ijumaa. Mashimo yalikuwa mamia, yote pacha. Boksi lenyewe lilikuja kuonekana msimu mwingine, jembe lilipogonga chuma. Bawaba zote zilikuwa zimeshikana kwa kutu zikawa bonge moja.

Mama alinikuta nimefumua ngolo sita, maharage yaliyoanza kuvimba yametapakaa juu ya udongo. Mjue kwamba Mama alikuwa Mnyasa wa ziwani. Kwao wanalima muhogo kwenye ardhi ya tambarare, na alipoolewa huku milimani wanawake walimcheka kwamba hajui kushika jembe. Alijifunza ngolo kwa machozi, na sasa zake zilikuwa zimenyooka kuliko za waliomcheka. Kumfumulia ngolo Mama kulikuwa sawa na kumvua nguo sokoni.

"We mtoto, una wazimu?"

Nilikuwa nimekatazwa kusema, nikanyamaza. Nilichapwa kwa ufito wa mkahawa, na nikaambiwa nizijenge upya zote sita. Mama alisimama pale juu yangu, mikono kiunoni, akawa anaongea na mlima. "Baba mtu hanitazami, mtoto mtu anafukua mbegu. Nimeolewa kwenye nyumba ya namna gani hii?" Mimi nilidhani ni hasira tu. Mtoto akichapwa hasikilizi anachosema mchapaji.

Kesho yake nilimwambia Baba. Nilisema yote kwa pumzi moja, boksi, majani, mstari wa tano, kipaimara, mizizi ya dhambi.

"Ulidhani mimi ni mvivu?"

"Ndiyo, Baba."

"Loo. Bora ungedhani nimekuwa mlevi." Alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Mbona hukuniuliza?"

"Na wewe hukuniambia."

Nilitegemea kofi. Mtoto wa zama zetu hakuwa anamjibu baba yake hivyo. Lakini yeye aliinuka, akachukua kile kisu chake kidogo cha kuwekea alama, akakifuta kwenye suruali, akanipa. "Haya. Njia ya mkato umeizika wewe mwenyewe, sasa utanishika mkono kwenye ndefu. Penseli weka mbali, haina faida kwangu. Kata mstari kwa kisu. Ukate ndani, ukucha wangu uingie."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi Kwaresma yote iliyobaki. Kila nikitoka shule, mimi ni mistari, yeye ni patasi. Nilikuwa nalaza kipimo cha pembe juu ya mninga, navuta kisu, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa nguvu. Halafu Baba anapitisha ukucha wa kidole gumba, unateleza, unateleza, unadumbukia kwenye ufa. "Ahaa, nimemkamata." Analeta ncha ya patasi mpaka nayo idumbukie palepale, anainua nyundo ya mti, na meno yanatoka safi kama alivyokuwa akiyatoa zamani. Msumeno vivyo hivyo, anauanzisha ndani ya ufa, halafu mkono wenyewe unajua. Nilijikata mara nyingi. Nilikuwa nanyonya kidole na kuendelea. Alikuwa ananitania: "Shambani mimi nalaza majani, mama yako anachimba. Humu ndani mambo yamepinduka, wewe unalaza, mimi nachimba." Na mimi niliyekuwa nimejiandaa kujuta maisha yangu yote, nikajikuta nasubiri kengele ya shule ilie nikimbie nyumbani. Sijawahi kuwa karibu na Baba kuliko siku zile. Tukisikia Mama anapita nje, tunanyamaza wote wawili, mimi naficha kisu. Mama alikuwa anachungulia, anatuona tumeinamiana, anaondoka bila neno.

Jumatano Kuu kabati lilisimama. Droo kumi na mbili, milango miwili, hakuna chuma hata cha kuchokolea meno. Bawaba za mti ziligeuka bila kulia. Baba alilipaka mafuta, akalizunguka, akalipapasa lote kwa viganja, kuanzia juu hadi miguuni.

Bruda alikuja Jumatano baada ya Pasaka. Alikuwa mzee mfupi, mwenyeji wa huku huku milimani, kanzu imefupika kwa kufuliwa, miwani imefungwa kwa kamba ya kiatu shingoni.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo, Bruda."

"Marahaba, fundi. Liko wapi?"

Hakuketi hata kidogo. Alivaa miwani, akavuta droo ya kwanza kwa kidole kimoja. Ikaja. Akavuta ya pili. Akachomoa ya tatu na ya tisa, akazibadilishana nafasi, na zote zikaingia bila kugoma. Nilimwona Baba kifua kikimpanda. Bruda akafungua mlango, akafunga, akafungua, akainama kutazama bawaba mpaka pua ikaigusa.

"Sijaziona hizi tangu nikiwa kijana," akasema. "Fundi mwenzako ameweka za dukani. Nzuri tu, zinang'aa, na mimi sina ugomvi na duka. Lakini mwalimu lazima ajue kitu kinakotoka." Akaokota kipande cha ubao sakafuni. "Haya, mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wako wa siku ya kwanza. Nichoree hapa meno matatu."

Akamnyooshea Baba ubao na penseli.

Mama alikuwa anaingia wakati huo na sinia la chai. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kabati. Nilitaka kusema mkono unamuuma. Nilitaka kusema ng'ombe wamekata kamba. Baba aliweka ubao juu ya meza, akaweka penseli juu ya ubao, na mkono wake ukabaki hapo hapo, hausogei. Angeweza kunong'ona, "Gau, mwonyeshe Bruda," nasi tungepita. Hakufanya hivyo.

"Bruda," akasema, "mistari yote ya kabati hili ni ya mtoto huyu. Mimi nimekata tu. Macho yangu yamekwisha."

Vikombe viligongana kwenye sinia la Mama.

"Yamekwishaje?" akauliza Bruda.

"Kama ya baba yangu. Alikufa kipofu."

Bruda alijikuna kidevu, akaenda mlangoni. "Njoo. Yule mbuzi kule ng'ambo, kwenye migomba. Rangi gani?"

"Mweusi," akasema Baba bila kufikiri. "Ana doa jeupe mguu wa nyuma."

"Mimi simwoni hata huyo mbuzi mwenyewe, wewe unaniambia habari za doa! Baba yako alipoanza, alikuwa anaona mbuzi wa ng'ambo?"

"Hapana. Alianza kukosa vya mbali na vya karibu pamoja."

"Basi ugonjwa wake alikwenda nao. Wewe una miaka mingapi? Kichwani umeota mvi, hukushangaa. Macho nayo yanaota mvi, bwana." Akaivua miwani, akaipitisha ile kamba ya kiatu kichwani mwa Baba, akamwekea sawa puani kama anayemvika mtoto. "Haya, tazama."

Baba alitazama chini, kwenye ubao. Kisha akatazama viganja vyake, juu na chini. Kisha akasogea kwenye kabati, akainamia droo ya juu, na sote tukasubiri.

"Gau," akasema. "Mstari huu umepinda."

Bruda alicheka mpaka akashika meza. "Hizo zinauzwa mjini, mezani, sokoni pale. Unajaribu moja moja mpaka upate inayokuona."

"Za kununua?" Baba akauliza, miwani ya watu ikiwa puani.

"Za kununua! Au unataka kuchonga? Njoo nazo shule ikifunguliwa. Na kabati hili utakuja nalo, vijana walione."

Nilipiga vigelegele. Niliruka, nikamkumbatia Baba kiunoni, nikasahau kwamba kuna mgeni. Nilipoinua kichwa nikaona Mama bado amesimama pale pale na sinia, chai imemwagikia kwenye visahani. Hakuwa anacheka.

"Tangu lini?" akauliza.

"Mama Gau..."

"Nakuuliza, Baba Gau. Tangu lini huoni vya karibu?"

"Tangu mavuno ya kahawa ya mwaka juzi. Sikutaka uogope."

Mama aliweka sinia chini, kwenye maranda. Akajifuta mikono kwenye khanga, polepole, kidole kwa kidole.

"Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili kila nikikusogelea unarudisha kichwa nyuma. Nikadhani nanuka samaki, kama walivyokuwa wakinisema wanawake wenu. Hata dagaa wetu, usipa, nimeacha kula. Ndugu zangu wakileta kutoka ziwani nagawa mlangoni kabla hujarudi. Naoga mara tatu na baridi hii yenu." Akaitazama miwani puani mwake. "Kumbe ulikuwa unanitafuta kwa macho?"

Baba alimwendea na ile miwani ya Bruda, akasogeza uso wake karibu na wa Mama, karibu kabisa, akautazama. Kichwa hakukirudisha nyuma. Mama akajifunika macho kwa ncha ya khanga, naye Baba akaishusha khanga taratibu, akaendelea kutazama. Bruda akageukia kabati, akaanza kuvuta droo moja baada ya nyingine, zile zile alizokwisha kuzivuta.